Bandeji za nyuzi za polima zenye viambato vya asili vinavyoamshwa na mwanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bandeji hizi ni kitu gani, na zinatofautianaje na gozi ya kawaida?

Gozi ya pamba tuliyoizoea hufyonza majimaji na kukinga kidonda kisiguswe na vumbi wala nzi, basi. Bandeji inayozungumziwa hapa ni kitambaa chembamba cha nyuzi za polima (kemikali yenye molekuli ndefu kama mnyororo), laini kama utando wa buibui uliolazwa tabaka juu ya tabaka, ambacho ndani ya nyuzi zake kumehifadhiwa kiambato kilichotolewa kwenye mmea au kiumbe hai kingine, kama vile kurkumini inayotoka kwenye manjano. Kiambato hicho kikiwa gizani ukali wake ni mdogo. Kikimulikwa kwa mwanga wa rangi inayokifaa, huzalisha aina kali ya oksijeni inayowaua bakteria walio jirani nacho. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya hupata jambo ambalo marhamu haimpi, yaani uwezo wa kuamua dawa ianze kazi saa ngapi, ikome saa ngapi, na ifanye kazi kwenye eneo gani la kidonda.

Antibiotiki zipo. Kwa nini tuhangaike na mwanga?

Kwa sababu antibiotiki zinazidi kushindwa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 pekee vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wenye usugu dhidi ya dawa. Kwenye vidonda vya muda mrefu, vile ambavyo watu wengi huviita donda ndugu, tatizo lina sura ya pili: bakteria hujijengea utando wa ute unaowakinga, na mguu wa mgonjwa wa kisukari mara nyingi una mishipa iliyoziba, hivyo dawa ya kumeza au ya sindano hufika pale panapouma ikiwa imepungua sana. Oksijeni kali inayozalishwa na mwanga haipiti kwenye damu wala hailengi kimeng'enya kimoja tu. Hushambulia mafuta ya ukuta wa bakteria, protini zake na vinasaba vyake kwa pamoja, na ndiyo maana ni vigumu zaidi kwa bakteria kujenga usugu dhidi yake.

Nyuzi nyembamba kiasi hicho hutengenezwaje?

Njia inayotumika zaidi ni uvutaji wa nyuzi kwa umeme. Polima huyeyushwa kwenye kimiminika pamoja na kiambato, kisha mchanganyiko huo mzito hutiwa kwenye bomba la sindano lililounganishwa na pampu inayosukuma taratibu sana, kwa kawaida mililita 1 au hata pungufu kwa saa. Sindano yenyewe ni ya chuma, na hupewa umeme wa kati ya kilovolti 10 na 30, huku sahani ya chuma ikiwekwa mbele yake kwa umbali wa takribani sentimita 10 hadi 20. Umeme huo huvuta tone lililo kwenye ncha ya sindano hadi likachongoka kama pia, na kutoka kwenye kilele chake ukachomoka uzi wa majimaji ambao, kabla haujaigusa sahani, hujipinda na kujizungusha hewani kama mjeledi. Ni katika kule kujizungusha ndiko uzi hurefuka na kukonda, kimiminika hukauka, na kinachotua kwenye sahani ni uzi mkavu wenye kipenyo cha kati ya nanomita 100 na mikromita chache (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita, na nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita). Unywele wa mtu, kwa kulinganisha, una kipenyo cha mikromita 50 hadi 100.

Ufundi huu si wa jana. John Francis Cooley alipewa hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1902, Anton Formhals akafuata mwaka 1934, na Geoffrey Taylor akaeleza kihesabu mwaka 1964 kwa nini tone huchongoka namna ile. Ile pia ya majimaji hadi leo huitwa kwa jina lake. Baada ya hapo jambo lililala mpaka miaka ya 1990, ambapo Darrell Reneker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Akron walilifufua, na tangu hapo maabara nyingi zimejenga mitambo yao wenyewe, kwa kuwa vifaa vyake ni vichache. Ugumu uko kwenye hali ya hewa. Unyevu ukizidi, uzi haukauki kwa wakati, na badala ya nyuzi laini hupatikana nyuzi zenye vitundu au zilizofungamana na shanga ndogo ndogo, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika ajue kwamba chumba chenye kudhibiti unyevu huenda kikamgharimu kuliko mtambo wenyewe.

"Kuamshwa na mwanga" maana yake ni nini hasa?

Baadhi ya molekuli hufyonza mwanga wa rangi fulani na kuingia katika hali ya msisimko. Zikiwa katika hali hiyo, zinaweza kuipokeza nguvu hiyo oksijeni ya kawaida iliyo karibu, nayo ikageuka oksijeni singleti, ambayo haitulii hata kidogo na huunguza chochote inachokigusa. Njia nyingine ni molekuli kutoa au kupokea elektroni, na hapo huzaliwa chembe kali kama haidrojeni peroksaidi. Kwa vyovyote vile, mambo matatu lazima yakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: kiambato, mwanga na oksijeni. Kimoja kikikosekana, hakuna kinachotokea, na karibu kila swali lililobaki kwenye ukurasa huu hurudi kwenye sharti hilo.

Aliyeliona jambo hili kwa mara ya kwanza kwa macho ya kisayansi ni Oscar Raab, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, aliyekuwa akipima sumu ya rangi ya akridini kwa vijidudu vya majini viitwavyo paramesia katika maabara ya Hermann von Tappeiner. Alishangaa kuona kwamba kiasi kilekile cha rangi kiliwaua vijidudu haraka siku moja na polepole siku nyingine, hadi akabaini kwamba tofauti ilikuwa ni mwanga uliokuwa ukiingia maabara. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900.

Watu wengi wa pwani wanaijua hali inayokaribiana na hii bila kuijua kwa jina. Anayekamua ndimu nyingi juani bila kunawa mikono anaweza kuamka kesho yake na malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Kinachofanya hivyo ni sorileni zilizomo kwenye ganda la ndimu zikikutana na miale ya urujuanimno. Sorileni za mmea mwingine, Ammi majus, ndizo alizozitumia daktari Abdel Monem El Mofty mjini Cairo katika miaka ya 1940 kutibu mbalanga. Hata hivyo hazifai kuwekwa kwenye kidonda kibichi, kwani hujifunga moja kwa moja kwenye vinasaba, vya bakteria na vya mgonjwa pia, na matumizi yake ya muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Ni viambato gani vya asili vinavyotumika?

Kurkumini ndiyo inayochunguzwa zaidi katika nyuzi, na hufyonza mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa takribani nanomita 420 hadi 430. Hiperisini, inayotoka kwenye mmea wa Ulaya uitwao Hypericum perforatum, hufyonza mwanga wa rangi ya machungwa karibu na nanomita 590. Kondoo wanaoula mmea huo malishoni huungua ngozi juani, jambo ambalo wafugaji walilijua kabla ya wanakemia. Riboflavini ni vitamini B2, ileile ya kwenye maziwa na maini, na hufyonza buluu ya takribani nanomita 450. Kutoka kwenye klorofili, ile kijani ya majani yote, hupatikana klorini e6 (si ile klorini ya kutibu maji), ambayo hufyonza pia mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660. Alo-emodini ya mshubiri nayo imejaribiwa.

Tofauti ya rangi si ya urembo. Mwanga wa buluu hupenya kwenye nyama kwa takribani milimita moja au pungufu, ilhali mwekundu hupenya milimita kadhaa, kwa hiyo kurkumini inafaa kwa maambukizi ya juu juu, na kidonda chenye kina kirefu kinahitaji kiambato cha kundi la klorofili.

Basi si afadhali nipake unga wa manjano kwenye kidonda na kukaa juani?

Hapana, na swali hili linastahili jibu refu kwa sababu linaulizwa na watu wenye akili timamu kabisa. Manjano yamepakwa kwenye majeraha Bara Hindi kwa vizazi vingi, na desturi hiyo ni mashuhuri kiasi kwamba hataza ya Marekani iliyotolewa mwaka 1995 juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda ilifutwa mwaka 1997, baada ya baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, kuwasilisha maandiko ya zamani yaliyoonyesha kwamba hapakuwa na uvumbuzi wowote. Lakini kuwa na desturi ni jambo moja, na kuwa na kipimo ni jambo jingine.

Kwanza, kurkumini ni takribani asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, nyuzinyuzi na mafuta. Pili, haiyeyuki kwenye maji ila kwa kiasi kidogo mno, hivyo juu ya kidonda chenye majimaji hubaki kama chembe zilizokusanyika pamoja, na molekuli zilizorundikana hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuitikia mwanga. Tatu, unga wa sokoni haukutakaswa. Viungo vilivyoanikwa chini mara nyingi hubeba mbegu za bakteria zinazostahimili joto na ukame, na udongo unaweza kubeba mbegu za pepopunda. Nchini Bangladesh watafiti walikuta manjano yaliyotiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya sumu, ili yang'ae. Uzi wa polima hutatua tatizo la pili hasa: kurkumini huyeyushwa pamoja na polima, na kwa kuwa uzi hukauka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, molekuli hukamatwa zikiwa zimetawanyika kabla hazijapata nafasi ya kuungana.

Inafaa pia kusema kwamba sifa za kurkumini zimetiwa chumvi. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kemia ya dawa la Marekani ilieleza jinsi molekuli hii inavyodanganya vipimo vya maabara na jinsi inavyooza haraka mwilini. Kumezwa na kumulikwa juu ya ngozi ni habari mbili tofauti, na kushindwa kwa ile ya kwanza hakuifuti ya pili, lakini kunatosha kumfanya msomaji adai ushahidi.

Je, kiambato hutoka kwenye uzi na kuingia kidondani, au hubaki ndani?

Hapa ndipo wabunifu wanapogawanyika. Nyuzi za polima zinazopenda maji, kama gelatini au polivinili alkoholi, huvimba na kuachia mzigo wake ndani ya saa chache, pengine mwingi wake katika saa ya kwanza. Nyuzi za polikaprolaktoni au za asidi ya polilaktiki hukataa maji na huachia polepole kwa siku nyingi. Wengine hutengeneza uzi wenye kiini na ganda kwa kutumia sindano mbili zilizoingiliana, moja ndani ya nyingine, ili kupata tabia zote mbili.

Anayechagua kukiacha kiambato ndani ya uzi anakumbana na hesabu ya umbali. Ndani ya maji, oksijeni singleti huishi mikrosekunde 3 hadi 4 tu, na katika muda huo husafiri takribani nanomita 200. Bakteria mmoja wa Staphylococcus aureus ana kipenyo cha karibu mikromita 1, yaani mara tano ya umbali huo. Uzi uliokumbatia kiambato chake utawaua wale walioegemea kwenye bandeji, na kuwaacha walio chini kidogo wakiendelea na maisha yao. Kwa maoni yangu bandeji inayoachia kiasi fulani kabla ya kumulikwa ina mantiki zaidi kwa kidonda kilichokwisha kuambukizwa, na ile isiyoachia inafaa zaidi kuzuia maambukizi kwenye jeraha safi, mathalani la upasuaji.

Bakteria wote huathirika sawasawa?

La. Bakteria hugawanywa makundi mawili, Gramu chanya na Gramu hasi, kulingana na ukuta wao. Wale wa kundi la Gramu chanya, akiwemo Staphylococcus aureus hata aliye sugu kwa antibiotiki ya methisilini, huathirika kwa urahisi, kwa kuwa ukuta wao una vinyweleo vinavyoruhusu kiambato kupita. Wale wa Gramu hasi, kama Pseudomonas aeruginosa anayeupa usaha rangi ya kijani, wana ngozi ya pili ya nje inayozuia viambato visivyo na chaji au vyenye chaji hasi, na vingi vya asili viko hivyo. Ndiyo sababu watafiti huchanganya nyuzi na kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo ina chaji chanya na hulegeza ngozi hiyo.

Kidonda kikifunikwa si kitakosa hewa?

Wazazi wetu walituambia tuache kidonda kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha yaliyofunikwa kwa plastiki na kubaki na unyevu yaliota ngozi mpya takribani mara mbili haraka kuliko yaliyoachwa wazi. Kitambaa cha nyuzi hizi, ambacho mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo wake ni nafasi tupu, huhifadhi unyevu huku kikiruhusu hewa kupita. Oksijeni lakini ni suala la kweli wakati wa kumulika, kwa sababu mmenyuko wenyewe huila. Taa ikiwaka mfululizo kwa nguvu, oksijeni inaweza kuisha kabla bakteria hawajaisha, na hivyo baadhi ya wataalamu humulika kwa vipindi vyenye mapumziko.

Ni taa gani inayotumika, na kwa muda gani?

Kwa kawaida ni taa za LED zilizopangwa kwenye bamba. Kipimo huhesabiwa kwa jouli kwa kila sentimita mraba: taa yenye nguvu ya miliwati 50 kwa sentimita mraba, ikimulika kwa dakika 20, hutoa jouli 60. Jua la mchana hutoa takribani miliwati 100 kwa sentimita mraba kwa rangi zote zikijumlishwa, na Ulaya yako matibabu ya ngozi ambayo mgonjwa hupakwa dawa kisha hukaa nje kwa saa mbili, lakini hayo ni ya ngozi isiyo na kidonda. Juani hakuna anayeweza kukadiria wingu litapita saa ngapi, na kidonda wazi hakihitaji vumbi, nzi wala miale ya urujuanimno.

Ngozi nyeusi huzuia mwanga?

Melanini hufyonza mwanga, na buluu huifyonza zaidi kuliko mwekundu. Kwenye kidonda kilichopoteza ngozi ya juu, melanini haipo katikati, hivyo athari huwa kingoni. Kizuizi kikubwa zaidi ni damu, kwa kuwa himoglobini hufyonza buluu kwa nguvu, pamoja na usaha na nyama iliyokufa. Kusafisha kidonda vizuri kabla ya kuweka bandeji hakuepukiki kwa mgonjwa wa rangi yoyote.

Seli za mgonjwa hazidhuriki?

Zinaweza kudhurika, kipimo kikizidi. Seli za binadamu ni kubwa kuliko bakteria na zina kinga nyingi za kuzima oksijeni kali, kwa hiyo upo upenyo kati ya kiasi kinachoua bakteria na kile kinachoua seli, ila ukubwa wa upenyo huo hutofautiana kwa kila kiambato. Utafiti unaoripoti vifo vya bakteria bila kupima seli za ngozi kwa mwanga uleule haujakamilika, na msomaji ana haki ya kuuweka pembeni.

Polima hubaki mwilini?

Gelatini huyeyuka kwa siku chache. Polikaprolaktoni huchukua miaka 2 hadi 3 kuoza kabisa, hivyo bandeji yake kwa kawaida hubanduliwa. Suala linalosahauliwa ni kimiminika kilichotumika kuyeyusha polima, kwa mfano klorofomu, ambacho lazima kikaushwe chote na mabaki yake yapimwe.

Bandeji hizi hutakaswa na kutunzwaje?

Swali hili haliulizwi mara nyingi kama inavyostahili. Mvuke wa sentigredi 121 unaotakasa vifaa vya upasuaji ungeigeuza bandeji ya polikaprolaktoni kuwa donge, kwa sababu polima hiyo huyeyuka karibu na sentigredi 60. Miale ya urujuanimno, ambayo maabara nyingi huikimbilia, inaweza kuamsha kiambato na kukimaliza kabla bandeji haijatoka kiwandani. Gesi ya ethilini oksaidi hufanya kazi, ila mabaki yake ni sumu na yanahitaji muda mrefu kupepewa. Miale ya gama ya kilogrei 25, kipimo cha kawaida cha vifaa tiba, hukata minyororo ya baadhi ya polima na inaweza kuharibu kiambato. Wengine huchagua kutengeneza kila kitu tangu mwanzo katika chumba safi, na gharama hupanda.

Baada ya hapo bandeji hufungwa kwenye karatasi ya alumini isiyopitisha mwanga, na kuwekwa pakavu na penye ubaridi. Muuguzi aifungue wakati wa kuitumia, si asubuhi akiandaa trei.

Naweza kuinunua leo?

Bandeji za nyuzi zilizovutwa kwa umeme bila kiambato cha mwanga zipo sokoni. Mojawapo ni Restrata, ya polima za poliglaktini 910 na polidioksanoni, ambayo imeruhusiwa Marekani. Matibabu ya mwanga nayo yamekuwa na kibali rasmi tangu Canada iruhusu Photofrin, dawa inayoamshwa na mwanga, mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu. Muunganiko wa viwili hivyo na viambato vya asili bado kwa sehemu kubwa uko kwenye sahani za maabara, panya na sungura. Anayekuuzia bandeji ya namna hii mtandaoni aulizwe kwanza namba ya usajili, Tanzania kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Kenya kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mwenye kisukari aliyeota kidonda mguuni asisubiri teknolojia hii: aende kliniki leo, hata kama hakiumi.

Doa la njano la kurkumini hutoka kwenye ngozi na shuka?

Hutoka. Ngozini hufifia kwa siku chache. Shuka ifuliwe kwa sabuni kisha ianikwe juani, kwa kuwa mwanga uleule unaoiamsha kurkumini ndio unaoivunja. Akina mama wanaoanika kanga zilizomwagikiwa mchuzi wa bizari wameliona hilo mara nyingi. Kwa sababu hiyohiyo, bandeji iliyokwisha kumulikwa ikapauka haimulikwi tena, hubadilishwa.